Glasi Thelathini na Nne

Tableti arobaini na tano zililetwa shuleni kwetu katika juma la pili la muhula wa kwanza, mwaka 2019, zikiwa ndani ya masanduku mawili ya bati. Ufunguo nilipewa mimi. Nilikuwa nimemaliza Kidato cha Nne miaka mitatu kabla ya hapo, kwa alama ya C ambayo haikunipeleka popote, na mwalimu mkuu aliniajiri kwa kazi hiyo moja: kuzichaji, kuzihesabu asubuhi na jioni, na kila Ijumaa kutuma taarifa kwa shirika lililozitoa. Wanafunzi waliniita Madam Kaari, ingawa wengine wao nilikuwa nateka maji nao mtoni.

Katika Kidato cha Kwanza alikuwamo ndugu yangu, Thuranira. Naandika haya kwa ajili yake. Nyumbani siku hizi yanasimuliwa kwa namna ambayo hakuna mtu aliyekosea, na mimi najua nilipokosea. Kuna jambo nililijua, na ulikuwapo muda wa kulisema.

Shule yetu ni ya kutwa, iko juu ya mji mdogo wa Laare, mahali ambapo miraa imepandwa mpaka kwenye ua wa shule. Mpango wa tableti ulikuwa wa Mwalimu Kivuti, aliyefundisha Biolojia. Yeye ni mtu wa Mbeere, upande wa Siakago, na alikuwa na mazoea ya watu wa nchi kame. Maji ya kusuuza kikombe hakuyatupa. Aliyamwagia mche wa mpapai nje ya ofisi ya walimu. Alipokuja kwetu alikuta watoto wa miaka kumi na minne wanatafuna miraa wakati wa chakula cha mchana, kwa sababu miraa huondoa njaa na nyumbani haikosekani, kisha jioni wananunua chipsi na soda sokoni. Alisema hataki kuwahubiria. Alitaka waone kwa macho yao.

Kila asubuhi baada ya gwaride, mwanafunzi alichukua tableti yake na kugusa picha za vitu alivyokula na kunywa jana yake. Projekta ilionyesha ukutani sahani moja ya kila mwanafunzi, safu baada ya safu. Sahani ilijaa rangi: kijani kwa mboga na matunda, kahawia kwa vyakula vya kutia nguvu, nyekundu kwa vyakula vya kujenga mwili. Kando yake kulikuwa na glasi za maji, ndogo mno kuhesabika kwa mbali, ambazo ziliongezeka kadiri mtu alivyobonyeza; idadi yake iliandikwa ukutani mwisho wa juma tu, taarifa ikishakwenda. Aliyekunywa maji ya kutosha juma zima alipata nyota ya buluu.

Juma la kwanza darasa zima lilikula kuku. Mwalimu Kivuti aliwauliza kwa upole kama Laare bado kuna kuku aliye hai. Baada ya hapo akaamua kwamba majina yaondolewe ukutani, kila mtu apewe namba, ili asiyekuwa na chakula asione haya. Orodha ya majina na namba ilikaa kwangu. Alinisimamisha mbele ya darasa, akanitaka niahidi kwamba sitamwambia yeyote namba ya mtu, hata yeye mwenyewe. Niliahidi.

Juma la pili ukuta ukawa kijani kibichi. Mwalimu aliutazama, akasema hajawahi kuona vijana wanaopenda mboga kiasi hicho, labda wampeleke akaone hizo bustani. Wanafunzi walitazamana. Kisha mvulana mmoja wa viti vya nyuma, Kiogora, ambaye kwa kawaida ndiye aliyesema kwa niaba ya wengine, akaeleza.

"Mwalimu, picha ya miraa haimo. Sasa sisi tukaona, si ni majani? Tukabonyeza majani."

Mwalimu alicheka mpaka akakaa juu ya meza. Nadhani walianza kumpenda siku hiyo. Juma la tatu sahani zilianza kusema kweli: chai isiyo na maziwa, ndizi moja ya kuchemsha, mukimo wa jana. Kulikuwa na msichana ambaye kila Jumatatu sahani yake ilikuwa nyeupe tupu. Mwalimu hakumjua ni nani, lakini alizungumza na mpishi, na uji wa Jumatatu asubuhi ukawa wa wanafunzi wote. Nayataja haya ili isionekane kwamba mpango ule ulikuwa mbaya. Ulikuwa mzuri.

Namba ya Thuranira ilikuwa thelathini na moja.

Lazima nieleze tulivyoishi nyumbani, maana mtu wa mbali atashangaa kwa nini sikumwuliza tu. Baba yetu alifariki nikiwa darasa la sita. Thuranira alipomaliza darasa la nane, baba mdogo Riungu ndiye aliyemsimamia tohara mwezi wa Desemba, akamlea majuma yote aliyokaa ndani. Kijana akitoka huko si mtoto tena. Ni muthaka, mwanamume kijana. Hali jikoni kwa mama. Analala katika nyumba yake, na mama yake na dada yake hawaingii humo, wala hawamwulizi habari za mwili wake. Chakula huwekwa mlangoni, na sahani hurudi. Nilikuwa nimembeba ndugu yangu mgongoni, nimemfuta kamasi, nimemtoa funza vidoleni. Katika mwezi mmoja akawa mtu wa kuamkiwa kwa mbali.

Kwetu mlezi wa jando husifiwa kwa mashavu ya kijana wake. Vijana hulishwa huko ndani hadi wachoke, na wakitoka watu huwatazama nyuso kabla hawajawasalimu. Thuranira alitoka amenawiri, na Riungu alitembea sokoni kama mtu aliyeuza ng'ombe kwa bei nzuri. Kufikia katikati ya Februari mashavu yale yalikuwa yamekwisha. Shati la shule lililomkaa vizuri Januari lilianza kuning'inia. Wazee wenzake Riungu walimtania, wakamwuliza alikuwa akimlisha kijana nini kule ndani, hadithi? Alicheka nao, lakini yalimchoma. Akaagiza asali kutoka Tharaka, galoni nzima, akamwambia mama amkorogee kijana uji wa wimbi kila asubuhi na jioni, asali isipungue vijiko vitano. Mama alikoroga. Mimi niliupeleka hadi mlangoni. Kikombe kilirudi kitupu, na kijana akazidi kukonda.

Maji ndiyo yaliyonishangaza zaidi. Mtungi wa lita ishirini tuliomjazia Jumamosi ulikuwa mtupu Jumatatu. Mama alifikiri anaoga humo ndani. Kisha asubuhi moja, nikifagia nyuma ya migomba karibu na nyumba yake, nikaona sisimizi. Walikuwa wengi, wamejipanga hadi mahali ambapo mwanamume husimama kujisaidia, na pale udongo ulikuwa mweusi kwa jinsi walivyojaa. Nilimwita mama. Alitazama, akaingia jikoni, akarudi na majivu kwenye ungo na kuyamwaga pale.

"Hayo si ya kuulizwa na wewe," alisema. "Wala na mimi."

Niliendelea kufagia. Nilijua nimewahi kusoma habari za jambo kama lile, lakini sikulikumbuka kwa ukamilifu, na sikujitahidi kulikumbuka.

Shuleni, Ijumaa ya tatu ya Februari, nilikaa kutuma taarifa. Mashine ilipitisha mistari yote isipokuwa mmoja, uliogeuka mwekundu. Programu ile ilikuwa na kikomo. Mtu hakutegemewa kunywa zaidi ya glasi ishirini kwa siku, na kama mstari mmoja ulikuwa na kosa, taarifa nzima haikwenda. Mstari ulikuwa wa namba thelathini na moja. Jumatatu, glasi ishirini na nane. Jumanne, thelathini. Jumatano, thelathini na moja. Alhamisi, thelathini na nne.

Nilikasirika. Niliona anabonyeza tu ili apate nyota. Wavulana walikuwa wameanza kuzishindania zile nyota, na nilifikiri muthaka wetu anataka sifa za ukutani kwa kudanganya, na kwamba siku moja namba yake itajulikana na aibu itakuwa yetu sote. Shirika lilitaka taarifa kabla ya saa kumi. Nikafuta thelathini na nne, nikaandika kumi na mbili. Nikafanya hivyo kwa kila siku ya juma lile. Taarifa ikaenda.

Jumatatu iliyofuata, namba thelathini na moja ilikuwa na nyota ya buluu.

Nilirudia jambo hilo Ijumaa mbili zaidi. Ilikuwa kazi ya dakika moja. Katikati ya majuma hayo nilikwenda mara moja ofisi ya walimu nikiwa na karatasi mkononi, nimeandika juu yake zile namba za kweli, kwa sababu wale sisimizi walikuwa hawajanitoka kichwani. Mwalimu Kivuti alikuwa akila kunde zake kutoka kwenye chombo cha plastiki. Kabla sijasema, alinigeuzia kompyuta yake nione. Alikuwa amechora jedwali la darasa zima na mstari mmoja ulikuwa juu ya mingine yote.

"Huyu thelathini na moja," alisema, "simjui na sitaki kumjua. Lakini angalia. Uji wa wimbi asubuhi na jioni. Mboga. Maji kumi na mbili kila siku ya Mungu. Wangekuwa wote hivi, Madam, mimi ningerudi Siakago nikafuge nyuki."

Walimu wengine walicheka. Asali haikuwa na picha katika programu ile, kama vile miraa, na uji wa wimbi ulihesabiwa chakula bora. Niliikunja karatasi yangu. Ningesemaje? Ningelazimika kuvunja ahadi ya namba, kisha nikiri kwamba nimebadilisha taarifa, kisha nizungumzie mkojo wa muthaka mbele ya wanaume wanne. Nilisema nimekuja kuuliza kama projekta itahitajika mchana. Akasema hapana.

Siku mbili baadaye Thuranira alinikuta kwenye bomba la shule. Alikuwa akinywa kwa kukinga viganja, akipumzika, akinywa tena. Kiogora na wenzake walikuwa wamekaa ukingoni wakimtazama.

"Wewe buda ni ngamia?" Kiogora alimwuliza. "Utatuachia kweli?"

"Mwacheni, anajaza tangi," mwingine akasema.

Thuranira alitabasamu nao. Walipoondoka alijifuta mdomo, akasimama kando yangu bila kunitazama, jinsi alivyozoea tangu Januari. Kwa karibu nikaona midomo yake imepasuka. Alinena kwa Kimeru, sauti ya chini.

"Wewe ndiye unayejua namba yangu. Kwa nini mwisho wa juma ukuta unasema kumi na mbili?"

Nilimwambia mashine inakataa uongo.

"Mimi sikuandika uongo. Nahesabu. Nina kikombe."

"Thuranira, hakuna mtu anayekunywa glasi thelathini na nne."

Alikausha viganja kwenye suruali. Kisha akasema, "Nilidhani Mwalimu ataona, aulize ni nani."

Nilimwambia aache mchezo, kengele imelia. Akaenda darasani. Niliuona mgongo wake, mabega yakiwa yamechongoka ndani ya shati. Nimeandika maneno yake kama alivyoyasema, maana nimeyarudia mara nyingi na sitaki yabadilike.

Sasa naelewa alichofanya. Hakuweza kumwambia mama, wala mimi, wala Riungu ambaye angeona kijana anamwaibisha mlezi wake. Lakini kila asubuhi aliulizwa na kitu kisichokuwa na uso, kisichokuwa mwanamke wala mzee, umekunywa kiasi gani, na yeye akakijibu kweli. Alikuwa ametangaza shida yake mbele ya darasa zima siku kumi na tano za shule, kwa njia pekee ambayo muthaka angeweza. Mimi ndiye niliyekaa mlangoni kati yake na mwalimu.

Jumamosi ya kwanza ya Machi alianza kutapika. Riungu alimchukua kwa boda boda hadi kliniki moja sokoni. Walimpima malaria, wakasema ni malaria, wakampa vidonge na pakiti mbili za glukosi ya unga ili apate nguvu. Tulimkorogea glukosi Jumamosi na Jumapili. Jumapili jioni alilalamika tumbo. Jumatatu asubuhi Riungu alikuja mbio jikoni, yeye mwenyewe, akasema kijana anapumua vibaya.

Hapo mama aliingia katika ile nyumba. Nami nikaingia nyuma yake. Thuranira alikuwa amelala chali, akipumua kwa nguvu na kwa kina, kama mtu aliyepanda mlima akiwa na mzigo, ingawa hakuwa amesogea. Chumba kilikuwa na harufu tamu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Kando ya kitanda kulikuwa na kikombe cha bati na kalenda ya mwaka uliopita ikiwa imegeuzwa nyuma, na juu yake alikuwa amechora vijistari vya kalamu, vitano vitano, siku kwa siku.

Tulipata gari la miraa lililokuwa linashuka Meru. Katika hospitali, muuguzi alimwinamia mara moja tu, akanusa pumzi yake, akaita mwenzake. Walimdunga kidole. Kile kimashine hakikuonyesha namba. Kilionyesha herufi mbili, na muuguzi akatueleza kwamba sukari yake imepita kiwango ambacho kinaweza kusoma. Alikuwa mwanamke wa makamo, Mwembu kwa lafudhi yake. Huku akifunga mpira wa dripu aliuliza, "Mzazi, kijana amekuwa akinywa maji mengi?"

Mama alimtazama Riungu. Riungu aliangalia sakafu.

"Glasi thelathini na nne kwa siku," nikasema.

Muuguzi aliinua kichwa. "Tangu lini?"

"Ni wiki ya nne sasa."

"Nani alihesabu?"

"Yeye. Na mimi nilikuwa na hesabu."

Hakunikemea. Aliandika kwenye karatasi yake, akaniambia nitoke nje nimpe nafasi. Walijitahidi usiku ule wote na asubuhi. Siku ya Jumanne, kabla ya adhuhuri, Thuranira alifariki. Alikuwa na miaka kumi na minne na miezi mitano. Daktari alisema ulikuwa ugonjwa wa kisukari wa aina inayowapata watoto, ambao hautokani na kosa la kula, na ambao una dawa ya kudungwa kila siku. Alisema watu huishi nao mpaka wakawa wazee. Mama alimwomba arudie hilo la mwisho, na alirudia.

Swali la ugonjwa huo niliwahi kulijibu. Mtihani wa majaribio wa Kidato cha Nne, Biolojia, karatasi ya pili: taja dalili tatu za mtu ambaye kongosho lake halitoi homoni ya kutosha. Niliandika kiu nyingi, kukojoa mara kwa mara, kukonda. Nilipata alama zote tatu.

Tulimzika Ijumaa. Darasa lake lilikuja kwa miguu na sare. Mwalimu Kivuti alisaidia kufukia kaburi, koti lake akiwa ameliacha kwenye ua. Juma lililofuata alikuja nyumbani peke yake, akakaa kwenye kigoda jikoni, na akamwambia mama kwamba amekuja kuomba radhi. Alikuwa amepata kujua kwamba thelathini na moja ni nani, kwa sababu sahani hiyo tu ilikuwa haijajazwa. Alisema alimpa nyota mtoto aliyekuwa anakufa, na kwamba mwalimu wa Biolojia angepaswa kutilia shaka glasi kumi na mbili kila siku.

"Kumi na mbili si mengi," mama alisema. "Lakini hospitalini nilisikia thelathini na nne."

Nilikuwa nachambua maharagwe. Ningeweza kuendelea kuchambua. Nikamwambia mwalimu kila kitu, kuhusu mstari mwekundu, kuhusu Ijumaa tatu, kuhusu karatasi niliyoikunja mbele yake. Nikasimulia na ya bomba. Mama hakuwa ameyasikia hayo. Niliongea nikitazama ungo. Nilipomaliza, Mwalimu Kivuti alikuwa ameshika magoti yake. Nilitegemea aseme kwamba nitaachishwa kazi, na ningeshukuru.

"Kuna wengine thelathini na wanane mle darasani," alisema. "Kesho kutwa narudi kuwafundisha sahani. Siwezi kuwafundisha sahani tu. Njoo uwaambie ulivyoniambia."

Nilimwambia haiwezekani. Nusu ya darasa ni nthaka, vijana waliotahiriwa pamoja na ndugu yangu. Dada hasimami mbele yao akataja mkojo wa mwenzao. Alisema anajua, hata kwao Mbeere haiko mbali na hivyo. Akainuka, akaaga, hakunisukuma.

Jioni mama alimwita Riungu. Alikuwa amezeeka kwa juma moja, na tangu msiba hakuwa amepita sokoni. Mama alimweleza ombi la mwalimu. Riungu alitikisa kichwa. Mambo ya jando hayasemwi na mwanamke, alisema, na ya mwili wa kijana ni ya jando. Hakusema kwa ukali.

"Basi aseme nani?" mama akamwuliza. "Wewe ulikuwa unaruhusiwa, na hukusema. Mimi nilimwaga majivu. Huyu alibadilisha hesabu. Sote tulikuwa na adabu, Riungu."

Riungu alikaa akichezea kofia yake. Alipotaka kwenda alisimama mlangoni na kuniambia, bila kunigeukia, "Ukiwaambia, waambie na habari ya asali. Waambie mlezi wake ndiye aliyeagiza."

Alhamisi nilisimama mbele ya Kidato cha Kwanza. Sikuwasha projekta. Nilichukua chaki, nikaandika ubaoni hesabu za Thuranira siku kwa siku, zile za kweli, na kando yake zile nilizozituma. Nikawaambia ni nani aliyeandika zipi. Nikawaambia habari za mtungi, shati, midomo, pumzi. Nilipofika kwa sisimizi wavulana wote waliinamisha vichwa, jinsi walivyofundishwa wanapomsikia mwanamke akisema yasiyosemwa. Mmoja alisimama akatoka nje. Mwalimu Kivuti alimwacha aende. Nikalisema lile neno kwa Kiswahili, kisha kwa Kimeru, ili asiwepo wa kudai hakuelewa. Nikawaambia mkojo ukiita sisimizi ni sukari, na kwamba mtu huyo hana wiki nyingi. Nikawaambia uji wa asali haukumletea ugonjwa, bali ulimharakisha, na kwamba waliompa walimpenda.

Nilipomaliza hakuna aliyepiga makofi, na ilikuwa sawa. Kiogora aliinua mkono. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Madam. Sasa mtu akijiona hivyo, amwambie nani? Sisemi aandike. Amwambie nani?"

Mwalimu alinitazama mimi.

"Aniambie mimi," nikasema. "Nitakwenda naye hospitali siku hiyohiyo. Sitamwuliza kitu kingine."

Kwa majuma mawili hakuja mtu. Nilichaji tableti, nikazihesabu. Mwalimu Kivuti aliwaandikia wale wa shirika barua, wakaondoa kikomo cha glasi na kuongeza picha ya miraa, ambayo ilichorwa vibaya, na wanafunzi wakaicheka.

Kisha Jumatano moja baada ya masomo alikuja Munyi. Alikuwa mvulana wa Kidato cha Pili, mrefu, muthaka wa mwaka uliotangulia, ambaye hata hakuwa katika lile darasa. Alisimama mlangoni akatazama masanduku. Alisema ametumwa na rafiki yake ambaye anaamka mara nyingi kukojoa. Nilimwuliza kama huyo rafiki angependa kwenda sasa hivi. Alifikiri, akasema rafiki angependa. Nilifunga masanduku kabla ya saa yake, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, tukashuka kwa miguu hadi zahanati, yeye akitangulia hatua kumi ili tusionekane tuko pamoja.

Mhudumu alimdunga kidole. Nilisimama nyuma nikiangalia kile kimashine kikihesabu kurudi nyuma, tano, nne, tatu. Kikatoa namba. Mhudumu akasema ni sukari ya kawaida kabisa, kijana ni mzima, labda apunguze chai ya usiku.

Munyi alicheka kwa sauti, akaruka juu na kugusa boriti ya dari. Aligeuka kunionyesha pamba kwenye kidole chake, kisha akaacha kucheka.

"Madam, amesema niko sawa," alinieleza, polepole, kama mtu anayemfafanulia mtoto. "Umesikia? Niko sawa."

Nilimwambia nimesikia. Nilimwambia atangulie nyumbani. Alibaki pale, hakujua aweke wapi mikono yake, mpaka nilipomaliza kulia.